Katheta ya mkononi: jinsi ya kuzuia mshipa kuvimba ukiwa nyumbani

Mgonjwa anayetibiwa saratani, au aliye na maambukizi yanayohitaji dawa ya kupitia mshipani kwa wiki kadhaa, halazwi hospitalini muda wote wa matibabu. Hupewa dawa, akarudi nyumbani kwake Gatwekera, Laini Saba, Gatina au Kabiro, kisha akaenda tena kliniki siku aliyopangiwa. Baadhi ya wagonjwa hawa huondoka hospitalini wakiwa na mrija mwembamba uliotiwa mkononi, juu kidogo ya kiwiko, na kufunikwa kwa plasta angavu. Mrija huo ni katheta ya PICC, ambayo wauguzi huitamka "piki".

Ukitunzwa vizuri, mrija huu unaweza kutumika kwa wiki nyingi, hata miezi. Usipotunzwa, mshipa unaoubeba huvimba, mkono ukauma, na mara nyingine mrija ukalazimika kutolewa kabla dawa haijaisha. Hapo mgonjwa huanza upya: kudungwa mkono huu na ule akitafutiwa mshipa mwingine, huku ratiba ya dawa ikisogezwa mbele. Kwa mtu anayepata kemo kila baada ya wiki 3, kupoteza wiki moja si jambo dogo.

Maelekezo mengi anayopewa mgonjwa akitoka wodini huchukulia kwamba ana bafu lake, maji ya mfereji ndani ya nyumba na mtu wa kumfanyia kazi. Mkazi wa ploti yenye vyumba 10 na bafu moja ana maswali mengine. Atateka maji vipi? Ataogea wapi? Nani atamtazama mkono ikiwa umeme umepotea? Makala hii inafuata maswali hayo.

Mrija unafika wapi

Watu wengi hudhani mrija unaishia pale pale ulipoingilia. Sivyo. Huingia kwenye mshipa wa mkono, ukapita kwapani na chini ya mtulinga, na ncha yake ikaishia kwenye mshipa mkubwa ulio karibu na moyo. Kuna sababu ya safari hiyo ndefu. Dawa nyingi za kemo, na hata vyakula vya majimaji vinavyotiwa mshipani, ni kali kwa mishipa midogo. Zikipitia mshipa wa kiganja huuchoma. Katika ule mshipa mkubwa wa karibu na moyo hupita takriban lita 2 za damu kila dakika, kwa hiyo dawa huchanganyika na damu nyingi papo hapo na kupoteza ukali wake.

Wazo la kufika moyoni kwa njia ya mkono lina karibu miaka 100. Mwaka 1929, daktari kijana wa Ujerumani, Werner Forssmann, alijitia mrija kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe, akausukuma mpaka moyoni, kisha akatembea hadi chumba cha eksirei ili apigwe picha kuthibitisha. Wakubwa wake hawakufurahi. Mwaka 1956 alikuwa miongoni mwa watu 3 waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Mgonjwa wa leo hahitaji ujasiri wa namna hiyo, kwani anayetia mrija hutumia mashine ya ultrasaundi kuuona mshipa, huupima kwanza, na huchagua mrija usiojaza mshipa. Mwongozo unaotumiwa na wauguzi wengi duniani unasema unene wa mrija usizidi asilimia 45 ya upana wa mshipa, ili damu ipate nafasi ya kupita kandokando.

Kabla ya kutiwa mrija, mgonjwa ana mambo ya kumweleza daktari bila kungoja kuulizwa. Je, ana ugonjwa wa figo? Mgonjwa wa figo anaweza kuihitaji mishipa ya mikono siku za usoni kwa ajili ya kusafishwa damu, na mara nyingi madaktari huepuka kumtia PICC. Je, amewahi kuganda damu mguuni au mkononi? Je, amefanyiwa upasuaji wa titi, na upande upi? Anatumia mkono upi kufanya kazi? Swali hili la mwisho linaonekana dogo, lakini kwa mama fua au fundi wa viatu ndilo litakaloamua kama ataweza kuutunza mrija.

Kinachovimbisha mshipa

Mshipa huvimba kwa njia 3. Ya kwanza ni msuguano: mrija ukitingishika ndani ya mshipa, hukwaruza ukuta wake. Uvimbe wa namna hii hutokea zaidi katika wiki ya kwanza baada ya mrija kutiwa. Ya pili ni ukali wa dawa. Ya tatu ni vijidudu vinavyoingia kupitia tundu la ngozi au kupitia mdomo wa mrija, pale bomba linapounganishwa.

Njia ya pili iko zaidi mikononi mwa wahudumu wa hospitali. Ya kwanza na ya tatu zinategemea sana mambo yanayofanyika nyumbani.

Mtungi wa lita 20

Mtungi wa lita 20 uliojaa maji una uzito wa kilo 20, bila kuhesabu mtungi wenyewe. Mgonjwa mwenye PICC hushauriwa kutoinua kwa mkono huo kitu kinachozidi kilo 4 au 5. Misuli inapojikaza kwa nguvu hubana mshipa na kuuvuta mrija, na kurudia jambo hilo mara nne kwa siku kutoka kituo cha maji hadi mlangoni ni kuukwaruza mshipa mara nne. Kuhamishia mtungi kwenye mkono wa pili husaidia kiasi, ingawa mtu anayebeba kilo 20 upande mmoja hujikuta akishika kuta na vijiti kwa mkono ule mwingine ili asiteleze, hasa kwenye vichochoro vya Kibera wakati wa mvua za Machi hadi Mei.

Lililo bora ni kupanga mapema, kabla ya siku ya kutiwa mrija, nani atateka maji. Familia ikiwa ndogo, mitungi ya lita 3 au 5 ibebwe kwa mkono usio na mrija, safari ziwe nyingi. Wengine huelewana na jirani au mwenye mkokoteni kwa wiki zile za matibabu. Hiyo ni gharama, na si kila nyumba inaimudu, lakini wiki ya kwanza ndiyo ya kujibana zaidi.

Kazi ya kufua ni vivyo hivyo. Kukamua blanketi kunazungusha mkono wote, na maji ya sabuni hupanda hadi kwenye plasta. Mgonjwa anayeishi kwa kufulia watu nguo amwambie muuguzi waziwazi kwamba hiyo ndiyo kazi yake. Akinyamaza, ataambiwa tu "usifanye kazi nzito", naye atatafsiri maneno hayo kadiri kodi ya nyumba inavyomruhusu.

Hata hivyo, mkono usilazwe kama uliovunjika. Kuukalisha bila kuusogeza hupunguza mwendo wa damu na kuongeza uwezekano wa damu kuganda. Kufumba na kufumbua ngumi, kufinya mpira laini, kupika chapati chache, kuandika na kuchana nywele ni sawa. Maji ya kunywa pia husaidia damu kutembea, isipokuwa kwa mgonjwa ambaye daktari amempimia kiasi cha maji.

Kuna mambo madogo ya safarini. Ndani ya matatu ya Kawangware jioni, mgonjwa akae dirishani ili mkono wenye mrija uwe upande wa dirisha, mbali na viwiko vya abiria na mkono wa kondakta. Mkoba usining'inizwe bega hilo. Sweta ivaliwe ikianzia mkono wenye mrija na ivuliwe ikimalizia mkono huo. Soksi safi ya mtumba iliyokatwa upande wa vidole, isiyobana, huvalishwa mkononi na kuzuia mrija kunaswa na nguo au kuvutwa na mtoto. Ifuliwe kila siku. Mwenye kutembelea magongo ya kwapani aulize kabla, kwa sababu gongo hubana mshipa ule ule unaopitisha mrija.

Plasta isilowe

Plasta angavu inayofunika tundu hubadilishwa kila baada ya siku 7. Ikiwa chini yake kuna kitambaa cha gozi, hubadilishwa kila baada ya siku 2. Ikilowa, ikichafuka au ikibanduka pembeni, siku hazihesabiwi tena: inabadilishwa mara moja. Unyevu chini ya plasta ni shamba la vijidudu.

Kuoga kwa karai ni salama kuliko bafu la kumwagia, mradi mkono wenye mrija ubaki nje ya karai na mwili upanguswe kwa kitambaa. Anayetaka kujimwagia maji afunike plasta kwa karatasi safi ya nailoni. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku nchini Agosti 2017, karatasi ya mkate ndiyo inayopatikana kwa urahisi nyumbani. Ikatwe upande wa chini iwe kama mkono wa shati, ikung'utwe makombo, ipanguswe na kukaushwa, kisha ibandikwe kwa plasta juu na chini bila kubana. Hata ikifungwa vizuri, isitumbukizwe majini. Baada ya kuoga ivuliwe mara moja, kwa kuwa jasho nalo hulowesha.

Moshi na mvuke wa jiko havidhuru mrija wenyewe, ila jasho la kukaa jikoni kwenye chumba kimoja cha mabati huibandua plasta taratibu. Ikibanduka yote nyumbani, mtu anawe mikono, afunike tundu kwa gozi safi ya pakiti, aifunge kwa plasta, na aende hospitalini siku hiyo hiyo. Tundu lisiwekwe mafuta, majivu wala dawa ya meno.

Kunawa mikono ni kwa kila anayegusa mkono ule, pamoja na muuguzi. Wakati wa Covid mwaka 2020, wakazi walizoea mitungi yenye mifereji mbele ya maduka na kwenye vituo vya matatu. Mtungi mmoja wa aina hiyo mlangoni, na kipande cha sabuni, unatosha. Mgonjwa ana haki ya kumwuliza mhudumu kwa upole, "Daktari, umenawa?" Vilevile, kabla ya bomba kuunganishwa, mdomo wa mrija husuguliwa kwa spiriti kwa sekunde kadhaa na kuachwa ukauke. Kuupangusa mara moja tu na kuunganisha hapo hapo hakutoshi.

Kila asubuhi, mlangoni penye mwanga

Vitabu vingi husema mshipa uliovimba huonekana mwekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza kuonekana kama weusi uliozidi, zambarau, au usionekane kabisa, na anayesubiri kuona wekundu atachelewa. Kwa hiyo mkono uguswe, usitazamwe tu.

Mgonjwa atoke mlangoni penye mwanga asubuhi, anawe, kisha apitishe vidole juu ya ngozi kuanzia pembeni ya plasta kuelekea kwapani, bila kukanda. Alinganishe na mkono wa pili. Je, kuna joto? Kuna sehemu ngumu kama kamba chini ya ngozi? Kuna maumivu ambayo jana hayakuwapo? Vidole au shingo vimevimba? Chini ya plasta kuna usaha au majimaji?

Utepe wa fundi cherehani una kazi hapa. Siku mrija unapotiwa, mzunguko wa mkono upimwe sentimita 10 juu ya kiwiko na nambari iandikwe kwenye kadi ya kliniki. Mkono ukivimba na mzunguko ukaongezeka kwa sentimita 3, huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na hilo ni la kwenda hospitalini siku hiyo. Muuguzi huandika pia ni sentimita ngapi za mrija zilizobaki nje. Urefu huo ukiongezeka, mrija umetoka kidogo. Usirudishwe ndani. Ubandikwe ulivyo, na mgonjwa aende akaangaliwe.

Uvimbe wa msuguano ukigunduliwa mapema, mara nyingi mrija hauhitaji kutolewa. Mkono huinuliwa juu ya mto, ukakandwa kwa kitambaa chenye joto la kadiri, plasta isilowe, na muuguzi akaufuatilia kwa siku 1 au 2. Uamuzi huo ni wa hospitali, si wa nyumbani. Kinachoharibu mambo ni tabia ya kuvumilia: mgonjwa humeza dawa ya maumivu siku 4 akisubiri siku yake ya kliniki, na anapofika mshipa umeshakuwa kamba.

Homa ya nyuzijoto 38 au zaidi, kutetemeka kwa baridi hasa baada ya mrija kupitishiwa maji au dawa, maumivu ya kifua au kushindwa kupumua ni dharura, hata usiku wa manane. Kwa mkazi wa Kibera, Hospitali ya Mbagathi iko jirani na hupokea dharura usiku na mchana. Kutoka Kawangware, familia iamue mapema ni hospitali ipi ya karibu yenye kitengo cha dharura, nani atamsindikiza mgonjwa na bodaboda gani itaitwa. Kupanga hayo saa nane za usiku ni kuchelewa. Mrija ukikatika, sehemu iliyobaki mkononi ikunjwe na kubanwa kwa vidole kati ya mkato na mwili, na safari ianze hapo hapo.

Wiki isiyo na dawa

Kemo hutolewa kwa vipindi, na katikati huwa kuna wiki ambazo mgonjwa hana dawa yoyote. Hizo ndizo husahaulika. Mrija usiotumika huhitaji kupitishiwa maji ya chumvi ya hospitali, kwa kawaida mara moja kwa wiki, ili usizibe. Safari hiyo hiyo ndiyo ya kubadilishiwa plasta. Nauli yake ihesabiwe pamoja na nauli za siku za dawa tangu mwanzo.

Hapa ndipo duka la dawa la karibu huingia. Mtu akikosa nauli, huona heri amwombe muuzaji dawa ampitishie maji kwa shilingi chache. Hatari iko kwenye bomba. PICC hupitishiwa maji kwa bomba la ukubwa wa mililita 10 au zaidi, kwa sababu bomba dogo la mililita 2 au 5 huzalisha msukumo mkali unaoweza kupasua mrija. Na mrija ulioziba haulazimishwi kamwe. Si kila kituo cha afya kina muuguzi aliyefunzwa kushika PICC, kwa hiyo mgonjwa aulize kabla ya kutoka hospitalini ni wapi karibu na kwake anapoweza kuhudumiwa, na aandikiwe nambari ya simu ya kliniki yake kwenye kadi. Kupimwa presha na kutolewa damu kufanyike mkono wa pili, na mgonjwa asione haya kulisema hilo kila mara.

Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliwazindua rasmi kote nchini Septemba 2023, hawaruhusiwi kuufungua mrija. Wanachoweza ni kupima joto kwa kipimajoto cha mkoba wao, kuutazama mkono na kumhimiza mgonjwa aende hospitalini. Kwa mtu anayeishi peke yake, jicho hilo la pili lina thamani kubwa. Mgonjwa amwite wa kijiji chake na amwonyeshe mrija ungali mzima, ili siku ukibadilika aone tofauti.

Na kanula ndogo ya kiganjani?

Wapo wakazi wengi zaidi ambao hawatawahi kuwa na PICC, lakini hurudi nyumbani na kanula kiganjani kwa sababu wamebakiza sindano za siku 2 au 3. Mshipa wa kiganja ni mdogo, na huvimba upesi kuliko ule wa juu ya kiwiko. Kanuni za plasta kavu, mikono iliyonawiwa na kuguswa kila asubuhi ni zile zile. Tofauti ni kwamba kanula ikianza kuuma au ngozi ikipata joto, haisubiriwi: hutolewa na muuguzi, na nyingine hutiwa kwingine ikiwa dawa bado ipo. Sindano ya mwisho ikishadungwa, kanula itolewe siku hiyo hiyo kabla ya kutoka kituoni. Mtu asirudi nayo nyumbani akidhani itamfaa akiugua tena.

PICC nayo hutolewa na muuguzi au daktari matibabu yanapokwisha, na tundu hubanwa kwa gozi na kufunikwa. Mshipa unaweza kuvimba hata baada ya mrija kutoka, kwa hiyo mkono uendelee kuguswa asubuhi kwa siku 2 zaidi, na maumivu yoyote yaripotiwe kwenye kliniki ile ile.